Kayumba au inglishi midiamu: jinsi ya kumchagulia mtoto shule ya msingi mtaani Dar es Salaam

Kila ikifika Oktoba, mabango huanza kufungwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Tabata Relini mpaka Segerea: "Nafasi za masomo zipo", picha ya mtoto aliyevaa joho la mahafali ya awali, namba tatu za simu. Wiki hiyohiyo, kwenye ubao wa shule ya serikali, mtu ameandika kwa chaki kwamba uandikishaji wa awali na darasa la kwanza umeanza. Mzazi anabaki kati ya bango na chaki. Mimi nimebaki hapo mara mbili. Binti yangu wa kwanza nilimpeleka inglishi midiamu nikamtoa alipofika darasa la tatu. Mdogo wake alianzia kayumba na bado yupo. (Kwa asiyeishi Dar: inglishi midiamu ni shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na kayumba ndilo jina la mtaani la shule ya msingi ya serikali. Wenye utani huiita Mtakatifu Kayumba, ili nayo ifanane na zile Saint za watu.)

Ninachoandika hapa ni utaratibu nilioufuata mara ya pili, baada ya ile ya kwanza kunitia hasara. Swali la serikali au binafsi nililiacha la mwisho. Nilianza na shule tano zinazofikika kutoka nyumbani, nikazipunguza moja moja. Wewe unaweza kubakiwa na ya serikali au ya binafsi, yote sawa. Kitu ninachokiogopa zaidi ni cha katikati: shule ya binafsi ya bei nafuu iliyochaguliwa kwa sababu ya sweta na gari, ambayo darasani haina chochote kinachoizidi kayumba ya jirani, na ambayo mzazi atashindwa kuilipia mtoto akiwa la nne.

Anza Agosti. Ukisubiri Desemba utachagua kilichobaki.

Kwanza, pima njia

Shika simu, washa saa, tembea kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye kila shule kwa mwendo wa mtoto wa miaka sita. Andika dakika, na andika barabara anazovuka. Shule ya serikali iliyo ng'ambo ya Barabara ya Mandela si ya jirani hata kama paa lake unaliona ukiwa uani kwako. Kama mtoto atapanda daladala, kumbuka kwamba nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na kwa sababu hiyo makonda wengi hawataki kumwona mwanafunzi mlangoni asubuhi. Watoto wa Dar wanachelewa shule wakiwa wamesimama kituoni.

Kwa shule ya binafsi, njia ni gari la njano. Hapa usimuulize mwalimu mkuu, muulize dereva: anamchukua mtoto wa kwanza saa ngapi, na huyo wa kwanza anaishi wapi? Gari linaloanzia Kinyerezi, likapita Segerea, likaingia Kimanga na kutokea Barakuda linaweza kumchukua mwanao saa kumi na moja alfajiri kwa shule iliyo kilomita nne kutoka kwako. Binti yangu alikuwa akiamshwa saa kumi na nusu. Chai alikuwa anainywa amefumba macho. Jioni alirudi saa kumi na mbili, akaoga, akalala juu ya daftari la kazi za nyumbani. Nililipia gari hilo miaka miwili na nusu kabla sijajiuliza nilikuwa nanunua nini.

Lichungulie gari lenyewe siku ya kazi. Wamekaa wangapi kwenye siti ya wawili? Yuko mhudumu mtu mzima anayewashusha na kuwavusha, au dereva yuko peke yake? Mtoto mdogo asibaki wa mwisho na dereva ndani ya gari. Shule isiyoweza kukuhakikishia hilo, ifute kwenye orodha hata kama ada yake ni ya kutupa.

Shule yoyote iliyo mbali kuliko nusu saa ya kutembea, au dakika arobaini na tano za gari, mimi niliifuta. Zikabaki tatu.

Pili, piga hesabu ya miaka yote

Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba; darasa la saba nitakalolitaja mbele ni la mtaala wa zamani. Kwa hiyo zidisha kwa sita, na ongeza mwaka wa awali kama mtoto bado hajaupita.

Nikupe mfano wa shule ya binafsi ya kati, namba za kuchezea tu. Wewe weka zako. Ada 1,500,000. Gari 600,000. Chakula 400,000. Sare, sweta na nguo za michezo, ambazo lazima zinunuliwe palepale shuleni, 150,000. Vitabu na madaftari 150,000. Halafu vile vidogovidogo visivyoandikwa kwenye bango: mitihani ya majaribio, rimu za karatasi, safari ya kimasomo, mahafali, tuseme 100,000. Jumla 2,900,000 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni 17,400,000, na hapo nimedhani ada haitapanda hata mara moja. Itapanda. Lile wazo la ada elekezi lililozungumzwa sana bungeni na magazetini miaka ya 2015 na 2016 halikufika popote, kwa hiyo mwenye shule hupanga bei yake mwenyewe. Kama una mtoto mwingine anayefuata, zidisha tena.

Sasa kayumba. Ada haipo, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa michango ya lazima kuanzia Januari 2016, lakini "bila ada" haimaanishi bure. Sare na viatu 90,000. Madaftari na kalamu 50,000. Shilingi 1,000 ya uji na kitafunwa kwa siku 194 za masomo ni 194,000. Shilingi 500 ya tuisheni kila siku ni 97,000 nyingine. Mitihani ya wiki na rimu, 30,000. Jumla 461,000. Mzazi anayesema kayumba ni bure hajawahi kusomesha huko.

Tofauti ya mfano huu ni 2,439,000 kwa mwaka. Izingatie hiyo namba, nitairudia mbele, maana uamuzi wenyewe umelala humo: je, darasa la shule ile ya binafsi linamzidi mwenzake kwa thamani hiyo?

Kanuni yangu ya kipato ni kali kidogo. Kama ada ya mwaka mzima haiwezi kulipwa hata pale mshahara mmoja ukikatika kwa miezi mitatu, shule hiyo ni ghali kwako. Siku mtoto anaporudishwa getini kwa sababu ya awamu ya pili, ndiye anayebeba aibu, tena mbele ya wenzake.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Serikali nayo ina shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Kwa Dar zinazofahamika zaidi ni Olympio na Diamond, zote Upanga. Wazazi huchangia, ila ni pungufu sana ya ada za binafsi. Foleni yake ni ndefu, na kwa mtu wa Tabata tunarudi palepale kwenye njia. Ulizia kwa afisa elimu wa halmashauri yako kama kuna nyingine iliyo karibu nawe.

Tatu, soma matokeo kama mtu anayenunua gari la mkononi

Hapa ndipo wazazi tunapodanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora. Lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu: unachagua mtihani, mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Dar ina halmashauri tano, na Tabata iko kwenye Jiji, ile iliyokuwa Ilala. Fungua mtihani wa darasa la saba wa miaka mitatu mfululizo kwa kila shule iliyobaki kwenye orodha yako. Mwaka mmoja hausemi kitu.

Bango likisema "ufaulu asilimia 100", kumbuka mtihani ni masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Daraja A linaanzia 241, B linaanzia 181, C linaanzia 121. Aliyepata 121 amefaulu, na aliyepata 280 amefaulu. Shule yenye asilimia 100 ambayo watoto wengi wana C inaweza kuwa chini ya kayumba yenye asilimia 90 ambayo nusu ya watoto wana A na B. Hesabu madaraja mwenyewe kwa kidole.

Kisha fanya hili, ambalo nilifundishwa na mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021 ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Angalia walikuwa wangapi la nne, na wangapi la saba. Shule ya binafsi iliyokuwa na watahiniwa 62 darasa la nne na ikabaki na 38 darasa la saba, watoto 24 wameenda wapi? Wengine wamehama na wazazi wao, Dar ni mji wa kuhamahama. Wengine wameshindwa ada. Lakini wengine waliambiwa wastani wao haufiki, wakakaririshwa darasa au wakashauriwa "watafute shule inayowafaa". Wizara imekataza mchezo huo zaidi ya mara moja. Bado unachezwa, kwa sauti ya chini na kwa barua isiyo na muhuri. Matokeo unayoyasifu ni ya waliobakizwa.

Kwenye kayumba nayo idadi hupungua, kwa sababu anayeshindwa upimaji wa la nne hurudia, na wapo wanaoacha shule. Kwa hiyo usihukumu kwa namba moja. Ukiona pengo kubwa kila mwaka, nenda na swali hilo shuleni ukaone mwalimu mkuu anavyolijibu. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

Jambo la mwisho kuhusu matokeo: ni ya watoto walioanza shule miaka saba iliyopita. Walimu waliowafundisha darasa la kwanza huenda hawapo. Ndiyo maana kuna hatua ya nne.

Nne, nenda shuleni siku isiyo ya wageni

Siku ya wazi ya shule ni kama siku ya posa, kila mtu amevaa vizuri. Nenda Jumanne au Jumatano, kati ya saa nne na saa tano, wakati wa mapumziko na mara baada yake. Msalimie mlinzi, jitambulishe ofisini, omba kuona darasa la kwanza na la pili. La saba usihangaike nalo, huko ndiko kila shule huweka mwalimu wake bora.

Kwenye shule ya serikali uliza mambo machache. Darasa la kwanza lina watoto wangapi, na mikondo mingapi? Kiwango ni 45 kwa darasa. Kwetu Dar 100 na zaidi si ajabu, na huko pembeni ya jiji ndiko kumezidi. Kuna zamu mbili? Kama mwanao ataingia zamu ya mchana, nani atakaa naye asubuhi? Swali kubwa kuliko yote: mwalimu wa darasa la kwanza ni nani, na amefundisha darasa hilo miaka mingapi? Mama mtu mzima aliyefundisha kusoma na kuandika kwa miaka kumi na tano, mwenye watoto 90, nitamchagua mbele ya kijana asiyejua kushika mkono wa mtoto, mwenye watoto 25. Najua wapo watakaobisha.

Omba kuona madaftari. Daftari halisemi uongo. Kuna kazi ngapi wiki hii? Zimesahihishwa kwa tarehe, au kalamu nyekundu imepita mara moja kwenye kurasa kumi? Mtoto aliyekosea ameandikiwa masahihisho? Mimi nilifungua madaftari sita kwenye kayumba ya jirani na manne kwenye shule ya binafsi ya ng'ambo. Kayumba walikuwa na kazi tatu za hesabu kwa wiki, zote zimesahihishwa. Ng'ambo walikuwa na daftari zuri la kuchapwa lenye nembo ya shule, na kurasa zake nyingi zilikuwa nyeupe.

Nenda chooni. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hutakikuta kwenye kayumba nyingi za jiji, lakini angalia kama kuna maji, kama mlango unafungwa, na kama kuna mtu wa kusafisha. Shule ya serikali huendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo mna fedha za vitabu. Choo kikiwa safi kwa pesa hiyo, ujue mwalimu mkuu na kamati ya shule wanafanya kazi kwelikweli.

Kama mtaani kwako kumejengwa shule mpya kwa mradi wa serikali wa BOOST, ile yenye majengo ya rangi moja na michezo ya watoto wa awali uwanjani, ikimbilie mapema. Miaka yake ya kwanza watoto huwa wachache, hujaa baadaye.

Kwenye shule ya binafsi maswali hubadilika. Namba ya usajili ni ipi? Ya shule ya msingi huanza na herufi EM. Kuna nyumba za kupanga zilizogeuzwa madarasa ambazo zimesajiliwa kama kituo cha kulelea watoto tu, zinafundisha mpaka la tatu, na watoto wa la nne hufanyia upimaji kwenye shule nyingine. Ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya halmashauri itakuambia kama shule ina usajili.

Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Serikali ikitangaza ajira za ualimu, shule za binafsi zenye mishahara midogo hukimbiwa katikati ya muhula. Binti yangu alikuwa na walimu wanne wa Kiingereza ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja alianza upya na rangi na siku za wiki. Hili utalijua vizuri zaidi kwa mama lishe wa nje ya geti kuliko ofisini. Kula sahani ya wali pale, subiri walimu waje kula kwa mkopo.

Uliza wastani wa kuvuka darasa. Uliza kambi ya darasa la saba inagharimu kiasi gani, na kama ni lazima. Bweni la watoto wa awali mpaka la nne lilisitishwa na serikali mwaka 2023, kwa hiyo shule inayokushawishi ulaze mtoto wa la pili inakupa picha yake mapema. Na shule inayomfanyia mtoto wa miaka sita usaili wa maandishi kisha ikamkataa, kwa maoni yangu, inavuna shamba lililolimwa na wengine.

Pande zote mbili uliza kuhusu viboko. Kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kuandikwa kwenye kitabu. Ukiona kila mwalimu anatembea na fimbo darasa la kwanza, ondoka.

Kama mwanao haoni vizuri au hasikii, usikubali jibu la "mlete tu, atazoea". Dar ina Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo na shule ya viziwi Buguruni, zenye walimu waliosomea kazi hiyo. Kwake yeye, njia ndefu inaweza kuwa ya haki.

Tano, suala la Kiingereza

Tuwe wakweli: wengi wetu hatukimbii wingi wa watoto, tunanunua Kiingereza. Na hofu yetu ina msingi. Mtoto wa kayumba husoma kila kitu kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari anaingia kidato cha kwanza na bayolojia, jiografia na hesabu vyote vimegeuka Kiingereza. Wengi hupotea hapo. Sijui ni nani aliyeona huo ni mpango mzuri, lakini ndio uliopo, na lazima tupange tukiujua.

Ila jiulize unanunua Kiingereza gani. Binti yangu alipokuwa la pili alisoma kwa sauti kama mtangazaji. Wageni walipiga makofi. Siku moja nikafunga kitabu nikamwuliza hadithi inahusu nini. Kimya. Alikuwa anasoma sauti za maneno, maana hakuna. Nikampa gazeti la Kiswahili, alipofika kwenye "ng'ombe" akasoma "ngi-ombe". Lugha mbili, na hakuna hata moja iliyomwingia.

Kwa hiyo fanya jaribio hili. Tafuta mtoto wa la tatu wa mtaani anayesoma kwenye kila shule iliyobaki kwenye orodha, kwa ruhusa ya mama yake na kwa biskuti. Mpe aya fupi ya Kiswahili, akimaliza akusimulie. Mpe ya Kiingereza, akusimulie kwa lugha yoyote aipendayo. Anayesimulia anajifunza. Ukipata shule ya binafsi ambayo watoto wake wawili watatu wa kawaida, wala si wale wa bangoni, wanasimulia vizuri aya zote mbili, na hesabu yako ya miaka sita inakubali, mpeleke huko bila kusitasita. Zipo. Walimu wake huwa wanazungumza na watoto Kiingereza cha kweli hata kwenye foleni ya uji.

Ukimpeleka kayumba, chukua sehemu ndogo ya ile 2,439,000 uianzishie kazi. Mtaala mpya umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini kwenye darasa la watoto 100 zamu ya mtoto kusema haifiki. Mimi nimemwajiri binti aliyemaliza chuo cha ualimu anayesubiri ajira. Anakuja siku tatu kwa wiki, saa moja, na sharti langu ni moja: wasome vitabu vya hadithi na kuzungumza, wasirudie maswali ya mtihani. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto, na Jumamosi ni tulivu. Kuanzia la tano tunasoma sayansi mara ya pili kwa Kiingereza, sura ileile aliyoielewa kwa Kiswahili. Kwa mwaka gharama yote haifiki hata nusu ya ile tofauti.

Sita, kumwandikisha

Shule ya serikali: nenda wiki ya kwanza uandikishaji unapofunguliwa. Beba cheti cha kuzaliwa na nakala yake, na barua ya serikali ya mtaa kama shule inaiomba. Awali ni miaka mitano, la kwanza ni sita. Kama cheti bado, nenda na kadi ya kliniki na uanze kufuatilia cheti. Asikurudishe mtu nyumbani kwa sababu hiyo. Hakuna pesa ya fomu. Ukiambiwa uje na dawati au rimu ndipo jina liandikwe, mwombe mwalimu kwa adabu akuandikie hilo kwenye karatasi. Mara nyingi suala huishia hapo. Likiendelea, afisa elimu kata ndiye wa kumwona. Michango ya hiari hupangwa na wazazi kikaoni, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake. Hudhuria kikao hicho hata kama kiti ni tofali.

Shule ya binafsi: soma fomu ya kujiunga mpaka nyuma. Tafuta mistari mitatu: ada inapanda kwa taarifa ya muda gani, ukihama katikati ya mwaka unarudishiwa nini, na kiasi gani ni nje ya ada. Lipa benki, usilipe mkononi, na weka kila stakabadhi. Nilipomhamisha binti yangu niliambiwa nadaiwa awamu niliyokwisha kulipa, na bila karatasi ya benki wasingenipa barua ya uhamisho.

Maana kuhama nako kuna wakati wake. Kila mtoto ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na shule anayotoka ndiyo inayomruhusu kwenye mfumo. Shule inayokudai inaweza kukukalia. Maliza deni kwanza. Hamisha Januari, si katikati ya muhula, na usihamishe akiwa la nne au mwaka wa mwisho, kwa kuwa usajili wa mitihani ya taifa huwa unaendelea. Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ahame kabla ya la nne. Wangu alichukua muhula mmoja na nusu kuzoea. Kugawanya alikuwa anakujua, jina lake tu ndilo hakulijua. Anayetoka kayumba kwenda inglishi midiamu, shule nyingi zitataka kumrudisha darasa moja nyuma. Kwa wa la pili si vibaya, kwa wa la tano fikiria mara mbili.

Na usifunge faili ukishaandikisha. Watoto hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu mwishoni mwa darasa la pili. Usisubiri karatasi hiyo. Novemba ya mwaka huo keti naye barazani, mpe kitabu asichowahi kukiona, asome ukurasa mmoja, kisha ufunge kitabu na umwambie akusimulie. Kama anasimulia, mwache alipo, iwe ni kwa Mtakatifu Kayumba au kwa Saint wa watu. Kama hawezi, una Desemba nzima ya kutafuta shule nyingine, na orodha yako ya zile tatu bado unayo.